Siku Bwana Radi Alipofungua Duka la Mitumba

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa darasa zima lilishuhudia na kila mmoja anaisimulia anavyotaka (wengine wanasema nililia, wakati mimi nilitokwa na jasho la machoni), bora mnisikie mwenyewe.

Shuleni kwetu, nje kidogo ya Dodoma, kitabu cha katuni cha Bwana Radi kilifika nakala moja tu, kwa mkono wa kondakta wa basi la Dar, nasi tulikuwa arobaini na wawili, kwa hiyo utaratibu ulikuwa mimi napanda juu ya dawati nasoma kwa sauti zote, ya shujaa, ya adui, mpaka ya kuku, halafu ndiyo kinazunguka watu waone picha. Matoleo kumi na moja Bwana Radi alimkimbiza Kiangazi, mwizi wa mvua. La kumi na mbili ndilo la mwisho.

Basi Ijumaa ile mwalimu wa jiografia hakuja, nikapanda dawatini, nikachungulia ukurasa wa mwisho, nikakuta Bwana Radi kavua joho, kafungua duka la mitumba, na mbia wake ni nani? Kiangazi! Wamesimama kaunta moja wanachekeana. Mvua haikutajwa hata.

Ningewaambiaje wenzangu? Nikaamua kutunga. Nikasoma ya kwangu: Bwana Radi anamkamata Kiangazi masikio, anamvua kinyago, na Kiangazi anaanza kuongea kwa sauti ya mwalimu wetu wa nidhamu, tuliyemwita Mzee Funguo kwa sababu funguo zake zilisikika kabla yake. "Nyie mbuzi! Nani kawafundisha kucheka?" Watu hoi, mbavu hawana. Nikanogewa, nikaongeza na mwendo wake wa bata palepale juu ya dawati, mara naona wa mbele wameinama kama wanasali.

Siku hiyo funguo alikuwa kazifumbata mkononi.

"Endelea," akasema kutoka mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Endelea, nimesema! Kashikwa masikio, halafu?"

"Halafu... akasamehewa, mwalimu. Akapewa na nishani."

Darasa likalipuka upya. Mimi sikucheka, kwani nilishapewa barua ya onyo la mwisho, na nyingine moja tu ingenirudisha Kongwa na sanduku langu, kwa baba ambaye alishawatangazia majirani kuwa mwanawe ni daktari mtarajiwa.

Akanipokonya kitabu. "Nionyeshe hiyo picha yangu." Akafunua, akafunua, akafika dukani.

"Duka?" akasema. "Tena na Kiangazi? Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, mwalimu."

"Upuuzi mtupu!" Akakigeuza kuangalia kama kuna ukurasa umechanika. Kumbe matoleo yote aliyotunyang'anya, tukidhani kayachoma, alikuwa anayasoma! "Na la tisa mlilificha wapi? Mpaka leo sijui alitokaje kisimani."

Barua haikuandikwa. Nilipewa wiki nzima ya kupalilia shamba la zabibu la shule, yeye kakaa kivulini namsimulia toleo la tisa, na nikajikuta nasema, "Asante sana, mwalimu," kama nimepewa zawadi, maana pumzi ndiyo kwanza ilikuwa inanirudia.

Tangu hapo nasoma kilichoandikwa, kiwe kibovu namna gani. Mwandishi yuko zake Dar. Akiharibu, hakuna wa kumfukuza shule.