Vitabu vya Thuwaiba vina mwisho

"Vitabu vya shangazi havimfai mtu. Ni hadithi za mauaji na za wafalme, na vingi havina hata mwisho. Ijumaa ijayo naita pikapu vikatupwe."

Kaandika hivyo Suleiman, mtoto wa kaka wa marehemu Thuwaiba, kwenye group letu la familia na marafiki, msiba haujapoa. Suleiman, mwanangu, kila sentensi hapo umekosea.

Siamini bado. Jumanne nimezungumza naye kwa simu, Jumatano hayupo. Moyo tu, usingizini. Shoga yangu Thuwaiba wa Wattaya, hapa Maskati, nyuma ya maduka ya magari. Mimi nabishana na watu kila siku ya Mungu, na sijawahi kukutana na msomaji mkali kama yule.

Vitabu vyake vina mwisho. Mwisho aliukata mwenyewe, kwa wembe, kwa makusudi.

Ndivyo alivyokuwa akiazimisha. Anakupa riwaya, sura ya mwisho inabaki kwake, ndani ya mkebe wa biskuti. Ukimaliza unakwenda kwake, unakaa, unaulizwa: "Nani? Na kwa nini?" Ukishajibu, mkishabishana, ndipo mkebe unafunguliwa.

Halafu anaishona ile sura mahali pake kwa uzi wa kofia. Suleiman, kofia uliyovaa mazikoni kashona yeye. Uzi ni huohuo.

Mara ya kwanza nilimfokea. "Thuwaiba, kitabu unakikata kama samaki?"

"Mwisho ukiwa nao mkononi utausoma peke yako," akaniambia. "Miye nnataka nikuone uso."

Nikamwambia, basi hizi riwaya za kihistoria usizikate, mwisho wake unajulikana, mfalme anakufa. Akaweka sindano chini.

"Mfalme muache afe. Mpishi wake je? Nambie mpishi alikwenda wapi."

Tangu siku hiyo siwezi kusoma riwaya ya kihistoria bila kumtafuta mpishi. Juzi juzi nimemaliza moja nene, majoho ya hariri kila ukurasa, vita, harusi, na hakuna anayefua hata kanzu moja. Nikatoka kwenye meeting nikampigia. "Hiyo kaandika mtu hajafua," akasema, akakata simu.

Kwenye mauaji alikuwa hana huruma. Muuaji akitokea mwishoni, mgeni hatumjui, alikuwa akisema, "Huyu mwandishi kachoka, alitaka kwenda kulala."

Lakini ile riwaya ya daktari wa kisiwani aliipenda mno. Kijiji kizima kinamjua muuaji, na kila asubuhi kinamwamkia. "Hiyo ndiyo siri khasa," alisema. "Nani kaua, polisi watajua. Kwa nini wanamwamkia, polisi hawajui."

Mimi niliiona ndefu na ya kujisikia. Tuligombana Ijumaa nzima, chai zetu za karak zikapoa ndani ya gari. Bado naiona ndefu.

Akinyi mnamjua, yule Mkenya wa reception ya hoteli kule Qurum. Siku yake ya off alikuwa akipanda basi kutoka Ruwi, kitabu kwapani, anaanza kujibu hata viatu hajavua.

"Aki Mama Thuwaiba, ni daktari! Si ndiye ako na funguo?"

"Kila kitabu wewe ni daktari! Madaktari wamekukosea nini?"

"Walinidunga sindano nikiwa mdogo, Mama, sijasahau!"

Sasa nije kwenye langu. Kitabu nilicho nacho, zama za zamani, karani wa forodha kakutwa maiti ndani ya ghala la karafuu. Jumanne nikamwambia Thuwaiba kwamba muuaji ni ndugu yake huyo karani. Akacheka kile kicheko chake.

"Ndugu yake? Maskini wee. Njoo Alhamisi nikuaibishe."

Alhamisi nilikwenda. Nilikuta viatu vya waombolezaji vimejaa kutoka mlangoni mpaka nje.

Akinyi alikuwa ndani, macho mekundu. Yeye keshakimaliza kitabu hiki. Nikamnong'oneza, "Ni ndugu yake?"

Akanitazama. "Pole, dada. Mama alisema hakuna kuambiana."

Msibani! Nilitaka kumpiga. Nikamkumbatia.

Na nyinyi mnaosema riwaya ni kupoteza wakati, nijibuni: lini mara ya mwisho mtu kakukalisha kitako, kakuuliza unadhani nini na kwa nini, kisha kanyamaza akusikilize? Mimi nina boss, nina ndugu, nina deadline. Aliyekuwa akinifanyia hivyo ni mmoja tu, na tumemzika.

Sijui nani kamuua karani yule, na linanikera kuliko ninavyoweza kueleza. Nimerudia sura za mwanzo. Sasa namtilia shaka mjane wake, analia vizuri mno.

Lala, Thuwaiba wangu, Mola akurehemu. Ulipo sasa hakuna aliyekukatia sura ya mwisho.

Suleiman, pikapu usiite. Mkebe uko kabatini, chini ya vitambaa vya kofia. Vitabu visivyo na mwisho hapo rafuni vilikuwa vinangoja msomaji, na kimoja kila Idi alikuwa akikuwekea wewe. Hukukichukua. Kichukue.

Nanyi wenye vitabu vyake, Ruwi, Qurum, popote mlipo, Alhamisi baada ya Alasiri mvirudishe Wattaya, kila mtu na jibu lake. Akinyi atashona.

Na wewe Suleiman utakaa kwenye kiti cha shangazi yako, mkebe mapajani. Nikifika, usinipe karatasi zangu. Niulize kwanza: "Nani? Na kwa nini?" Kisha nyamaza unisikilize.