Soksi za Baba Mkwe

Kazi yangu Brussels ilikuwa kuosha miguu ya watu. Si hiyo peke yake, bila shaka. Nilikuwa muuguzi katika hospitali moja kubwa kule Jette, na nikipiga simu nyumbani Morogoro nilisimulia habari za wodi, zamu na madaktari. Lakini nikikumbuka miaka ile naona miguu tu: miguu ya wazee wa Kibelgiji waliougua kisukari muda mrefu mpaka nyayo zikafa ganzi. Kidonda huanza kidogo kama punje ya mahindi, mwenyewe hana habari kwa sababu hasikii maumivu. Akija kushtuka, daktari anazungumzia kukata. Niliwaosha, nikawafunga bandeji, nikawagombeza kwa Kifaransa changu cha kujifunzia ukubwani.

Na nyumbani kwangu, mwendo mfupi kutoka uwanja wa Flagey, aliishi mzee mwenye kisukari ambaye miguu yake sikuwahi kuiona hata siku moja.

Alikuwa baba yake mume wangu, mjane, fundi mstaafu wa reli kutoka Lubumbashi. Nilipoolewa, shangazi yangu alinipigia simu kunipa somo: baba mkwe humkatizi mbele, humkazii macho, huketi kwenye kiti chake, na kumwona mwili ndiyo usifikirie kabisa. Nilidhani Wakongo wa mjini watanicheka nikishika hayo yote. Thubutu! Mzee alikuwa mkali wa mila kumzidi shangazi. Nikiingia sebuleni nikamkuta pekupeku, huvuta miguu chini ya kochi upesi, nami hugeuka kama nimesahau kitu jikoni. Soksi zake alizifua mwenyewe kwenye sinki la bafuni, akazianika chumbani kwake. Niliona hiyo ni heshima ya hali ya juu, nikamsifia kwa wanawake wenzangu kanisani.

Habari za miguu nilimwachia mume wangu. Nilimtuma kila mwezi akaangalie, naye alirudi kabla chai haijapoa.

"Papa anasema iko bien, muzuri," alikuwa akiniambia. "Donc, iko bien."

"Sikukutuma ukamuulize. Nilikutuma ukaangalie."

"Alors, nimuvue soksi kwa nguvu? Ni baba yangu!"

Basi, mtaalamu wa miguu ya Jette nzima nikakaa na hofu yangu kifuani, miaka minne.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 mzee alipotimiza sabini. Watoto wake waliotawanyika Ulaya walichanga wakamnunulia zawadi aliyoitamani tangu alipoiona kwenye televisheni: safari ya siku tano kaskazini kabisa mwa Finland, na kundi na kiongozi, kupanda vigari vya theluji vinavyovutwa na mbwa. Alipaswa kwenda na mwanawe. Wiki moja kabla ya safari, kazini kwa mume wangu wakaugua watu wawili, likizo yake ikafutwa. Tarehe haikubadilishika. Jina la msafiri lilibadilishika. Na mimi ndiye niliyekuwa na likizo.

Nilitegemea mzee atakataa kusafiri na mke wa mwanawe. Kumbe alikuwa ameshatangaza safari kwa vinyozi wote wa Matonge, mtaa wa Wakongo pale Brussels.

"Weye na miye, maman?" aliuliza, akiangalia ukuta. Yeye aliniita maman, nami nikamwita papa. "Bon. Tutaenda. Nilishaambia batu bote."

Tulikuwa wanane. Walikuwepo mume na mke Waflamishi waliostaafu, marafiki watatu kutoka Liège, sisi wawili, na kiongozi wetu, mwanamke wa Kifini mrefu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Siku ya kwanza alitupanga wawiliwawili, yeye mwenyewe akiwa na mmoja wa wale wa Liège. Alieleza kwamba kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri mwili wako wenyewe unakudanganya; unaweza kuganda pua usijue. Kwa hiyo kila jioni, ndani ya banda la magogo tulikolala, kila mtu atavua soksi, mwenzake ataangalia miguu yake kidole kwa kidole, kisha atamwambia kiongozi: nimeona. Yeye ataandika kwenye kidaftari chake.

"Nyinyi mmetoka nyumba moja," alituambia kwa furaha. "Kwenu itakuwa rahisi."

Nilitamani ardhi ipasuke, ila ilikuwa imeganda.

Jioni ile ya kwanza wenzetu walivua soksi huku wakitekenyana na kucheka. Mzee aligeukia ukutani. Mimi niliangalia birika la chai. Lilikuwa la bati, limechubuka mdomoni. Nalikumbuka hata leo. Ulipopita muda ambao mtu angeweza kumaliza vidole kumi, nilikohoa, nikamwambia kiongozi: "Nimeona." Mzee naye akasema hivyo kwa miguu yangu, kiongozi akaandika. Jioni ya pili tukafanya hivyo hivyo, tena kwa ustadi zaidi, maana mzee aliinama kabisa akajifanya anavaa soksi ambazo hakuwa amezivua. Hatukupanga uongo ule hata kwa neno moja. Watu wawili wanaoheshimiana hawahitaji kupanga.

Mchana, lakini, alikuwa na raha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alisimama nyuma ya kigari chake kama mkuu wa stesheni, akiwapigia mbwa kelele kwa Kiswahili, na mbwa wakakimbia kweli. Niliposema wangu hawanisikii, aliniambia Kiswahili cha Tanzania ni cha polepole mno, mbwa wanasinzia. Nilicheka mpaka machozi yakaganda kwenye kope. Nilianza kujilaumu kwa hofu yangu. Labda kweli iko bien, nikajiambia.

Siku ya tatu, saa sita mchana, tulisimama kula kwenye kibanda kilichokuwa na jiko la kuni la chuma. Mzee aliketi karibu na jiko, amevua mabuti, akisimulia kwa Kifaransa jinsi treni za Katanga zilivyokuwa zikipanda milima. Watu walikuwa wanamsikiliza. Mimi nilikuwa nagawa mkate.

Nikasikia harufu ya sufu inayoungua.

Niliangalia huku na huku kutafuta glovu ya nani imeangukia kwenye jiko. Haikuwa glovu. Ulikuwa mguu wa kulia wa baba mkwe wangu, umeegemea chuma cha jiko, soksi inatoa moshi, naye anaendelea kusimulia habari za treni, uso mkunjufu kabisa.

"Papa, mguu!" nilipiga kelele.

Aliniangalia mimi kwanza, si mguu. Hapo nilijua. Mtu anayesikia moto hasubiri kuambiwa.

Kiongozi alikuwa ameshasimama na mkoba wake wa dawa. Mzee akavuta mguu chini ya benchi, vilevile kama alivyouvuta chini ya kochi letu miaka minne.

"Haiko kitu," aliniambia. "Ni soksi tu." Kisha akamgeukia kiongozi, akamwambia kwa Kifaransa, kwa adabu kubwa, kwamba asihangaike, mkwe wake ni muuguzi na alimwangalia jana.

Kiongozi akafungua kidaftari. Akaniangalia. "Jana ulisema umeona. Na juzi."

Watu wote walikuwa wameacha kula. Naomba nieleweke: kumkanusha baba mkwe mbele ya wageni ni jambo ambalo shangazi yangu hakulitaja kwenye somo lake, kwa sababu hakuwahi kufikiri linawezekana. Niliona uso wa mzee. Alikuwa ananiomba, yeye ambaye hakuwahi kuniomba hata chumvi. Na nyuma ya uso wake niliona kitanda namba fulani kule Jette, shuka limelala bapa pale mguu ulipotakiwa kuwa.

"Hapana," nilisema. "Nilidanganya. Sijawahi kuiona miguu yake hata siku moja."

Mke Mflamishi aliguna. Kiongozi hakunigombeza, aliweka mkoba wa dawa miguuni pangu, akawaambia wengine watoke nje wakawalishe mbwa. Akabaki mlangoni, ametupa mgongo.

Methali ya mficha uchi hazai ilinifika mdomoni, nikaimeza. Kuna methali ambazo mtu hamwambii baba mkwe. Nilipiga magoti kwenye mbao, nikainamisha kichwa, nikangoja.

Mzee alivua kofia yake, ile ya sufu ya bluu aliyoipenda, akaninyooshea.

"Kamata hii, maman," alisema. "Kwetu, haya ya bukwe inatokaka na zawadi. Sasa nimekupa. Haya imeisha. Angalia."

Mpaka leo sijui kama hiyo ni mila ya kwao au aliitunga pale pale. Mume wangu hajawahi kuisikia. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaivaa juu ya kofia yangu, nikamvua soksi.

Moto ulikuwa umetoboa sufu ukaacha wekundu tu kwenye kisigino. Lakini chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda ambacho moto haukukifanya: kikubwa kama ukucha, kingo ngumu, katikati unyevu. Kilikuwa cha wiki nyingi. Ndipo nilipoelewa sinki la bafuni. Hakuwa akifua soksi kwa heshima. Alikuwa akifua madoa.

Nilichukua pamba, nikamwambia afumbe macho, nikamgusa kidole cha kwanza.

"Unasikia, papa?"

"Oui."

Cha pili. "Oui, nasikia." Cha tatu. "Oui, muzuri."

Nikaondoa mkono wangu, nikaushika hewani bila kugusa chochote.

"Na hapa?"

"Oui," alisema, macho yamefumbwa. "Pale pia."

Sikuushusha. Alipofumbua macho akauona mkono wangu ulipokuwa. Alinitazama usoni bila kukwepesha macho, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Miye sisikiake kitu kwa huu muguu, maman," alisema polepole. "Kuanzia muaka jana."

"Kwa nini hukusema?"

"Nitasema kwa nani? Mutoto wangu ananiulizaka kwenye mulango. Na weye ni muke wake."

Nilisafisha, nikafunga. Kiongozi aliita kwa redio, pikipiki ya theluji ikaja, na kabla ya jioni tulikuwa kwenye zahanati ya kijiji, halafu kwenye ndege ya kurudi siku mbili kabla ya wenzetu. Kiongozi alipotuaga nilianza kumwomba radhi. Alinikatiza: angeshangaa zaidi, alisema, kama ningedanganya mara ya tatu.

Sitaeleza majuma yaliyofuata, kwa kuwa yalikuwa ya bandeji, dawa na kungoja. Kidole gumba kilikuwa kwenye mizani. Siku ya majibu nilikuwa zamu, nikashuka ghorofa ya chini kumsikiliza daktari. Alisema kidonda kinafunga, kidole kinabaki, mguu unabaki. Akaongeza kwamba mzee angekaa nyumbani na soksi zake mwezi mmoja zaidi, mazungumzo yetu yangekuwa ya kukata mguu kwenye kifundo. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za dharura nikalia kwa sauti, kamasi na kila kitu. Mwenzangu wa wodini alinikuta akanipa pole, akidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefurahi, na nikaendelea kulia. Miaka minne ya hofu ilikuwa inashuka mabegani, sikutaka kuiharakisha.

Kule Matonge, mzee alisimulia safari nzima isipokuwa mguu. Mbwa walimtii, kaskazini ni kweupe kupita maelezo, na Wafini ni watu wazuri ila hawaongei. Akiulizwa kofia yake iko wapi, alijibu ameigawa. Mume wangu aliitaka sana ile kofia. Nilimwambia kofia hiyo haipewi mtu anayeulizia mlangoni.

Tukaweka desturi yetu. Kila Jumapili baada ya misa, mzee aliweka miguu juu ya stuli sebuleni, hata kukiwa na wageni, akafumba macho, nami nikapita na pamba kidole kwa kidole. Mwanzoni majibu yalimtoka kwa shida, kama mtu anayekiri dhambi. Baadaye yakazoeleka. Oui. Non. Non. Oui. Katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kumwambia mkwe wake hapana, hizo non zilikuwa tamu masikioni mwangu.

Jumapili moja nilimjaribu. Nilipomaliza kidole cha mwisho niliinua mkono hewani, bila kugusa kitu.

"Na hapa, papa?"

Uso wake ulitulia, macho amefumba kweli.

"Non," alisema. "Pale haunigusi, maman."

Nikamvalisha soksi zake, ambazo nilikuwa nimezifua mimi.