Kengele Iliyoamua Kikao cha Ngumi

Bisheni mpaka mchoke, ila mimi nimemwona binti wa Muheza akiunyamazisha ukumbi mzima wa mabondia wastaafu bila kukunja ngumi.

Viongozi wa ngumi za ridhaa walikutana hapa Tanga kupanga mashindano ya taifa ya mwaka huu. Badala yake wakagombania nani mwenyekiti halali, mpaka makoti yakavuliwa. Binti yule ni bondia, na mwakani umri wa timu ya vijana unamtupa mkono. Akaichukua kengele ya ulingoni iliyokuwa mezani, akaigonga.

Wallahi, wazee wakaachiana mashati, kila mmoja akarudi kwenye kona yake. Mazoea hayo!

"Shikamooni, baba zangu," akasema. "Kiti mtagombea baadaye. Mimi nipeni tarehe ya mashindano ya taifa, nisije nikazeekea mazoezini."

"Marahaba, mwanangu," mmoja akajibu huku akipangusa jasho. "Jamani, tarehe kwanza."

Ikapangwa palepale. Huyo ndiye kiongozi, nyie na digrii zenu kaeni pembeni.

Nimeruka kidogo tu: aliyekuwa akipayuka kuliko wote ni mimi, na niliketi kabla ya wote. Wiki iliyopita binti huyo alinipa konde moja mazoezini. Mpaka leo machungwa nayanywa, sitafuni.