Uji Bila Salamu

Wazungu wawili walibishana huko kwao, redio ikatuletea ubishi wao hadi Kitengela, nami nikaupokea kwa mikono miwili. Mmoja alikuwa mwanasayansi wa ubongo, mwingine mwanafalsafa, na wote walikuwa na majina makubwa. Wa kwanza alisema kwamba akili, fahamu, roho, chochote mtu anachokiita "mimi", ni kazi ya nyama iliyo ndani ya fuvu, na nyama hiyo ikiharibika hakuna kinachobaki. Wa pili alisema nyama peke yake haituelezi ni kwa nini mtu anaumwa na jino na kujua kwamba anaumwa. Ulikuwa mwaka elfu mbili, mwaka wa ukame, ng'ombe wakifa Kajiado nzima. Gazeti la Jumapili nalo likachapisha picha zao, na barua za wasomaji zikafuata wiki baada ya wiki.

Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya kutwa, na katika bucha moja kando ya barabara ya Namanga hakukuwa na mtu aliyesoma kunizidi. Kila Jumamosi mchana niliwafasiria watu magazeti. Walipenda ubishi ule kuliko siasa. Mwenye bucha aliweka kichwa cha mbuzi juu ya meza, akakipasua kwa shoka, akatuambia atakayeiona roho humo atapewa kilo moja ya bure. Mchungaji wa kanisa letu alisema wasomi wa ng'ambo wametumwa na Shetani. Mzee mmoja Mmaasai, aliyekuwa amebakiwa na ng'ombe wanne katika zizi zima, alisema hajaona bado mnyama anayekufa bila kujua, kwa hiyo hao wazungu waje wakae naye msimu mmoja. Vijana wa machimbo ya mawe walicheka, wakaanza kuniita Profesa. Sitadanganya, jina hilo lilinikaa vizuri.

Nilishika upande wa mwanasayansi. Sikuwa nimeufikiria sana, niliupenda kwa sababu uliwatisha watu. Hakuna raha kama kumwona mchungaji akitafuta mstari wa Biblia na kuukosa.

Nyumbani alilala kaka yangu mkubwa. Alikuwa mchonga mawe, na mikono yake ndiyo iliyonisomesha tangu baba yetu alipofariki na tukahama kutoka Ukambani. Miaka miwili kabla ya ubishi ule, ukuta wa machimbo ulimwangukia. Hospitali walimtibu walivyoweza, wakaturudishia akiwa na macho wazi yasiyofuata kitu. Hakusema, hakugeuka, mkono ukiuinua unaanguka. Mama alimtandikia kitanda sebuleni, karibu na dirisha, na kazi ya kumlisha uji akaifanya mwenyewe.

Mwanzoni uji ulikuwa vita. Nusu ulimwagika shingoni, nusu ulimkaba. Aliyetuokoa ni jirani yetu, bibi wa Kimaasai tuliyemwita koko kama wajukuu wake walivyomwita. Alikuja siku moja na kibuyu cha maziwa, akamkuta mama anahangaika na kijiko, akamsimamisha. Kwake, mtu halishwi kabla ya kusalimiwa. Tena salamu haitoshi. Wamaasai husema habari huliwa, na huliwa kabla ya chakula. Akasimama kando ya kitanda, akasema, "Supa," akanyamaza kwa muda ambao mtu mzima angehitaji ili kujibu, "Ipa." Kisha akamweleza kaka habari zake zote: mbuzi aliyezaa, mkwe aliyegombana na mwanawe, njia ya maji iliyofungwa na mtu aliyenunua shamba akaweka ua. Alipomaliza alimpa mama ishara. Kaka akameza. Akameza kikombe kizima.

Toka siku hiyo mama hakuwahi kumlisha bila salamu na habari. Alimsalimia kwa Kikamba, akangoja, akamwambia bei ya nyanya, akamwambia nani ameolewa, ndipo akachovya kijiko. Saa nzima asubuhi, saa nzima jioni. Mimi nilikuwa nikipita na madaftari yangu nikitikisa kichwa. Nilisema ni mwili tu, koo huitikia sauti kama mguu unavyoitikia nyundo ya daktari. Mama alisema sawa, akaendelea.

Basi Jumamosi moja, bucha ikiwa imejaa, mwanamume mmoja aliyekuwa akichonga mawe pamoja na kaka aliacha kula. Hakuwa mtu wa maneno.

"Mwalimu," akasema, "na kaka yako? Ako ndani ama hayuko?"

Ningeweza kusema sijui, na hiyo ndiyo ingekuwa sayansi. Lakini nilikuwa Profesa, na macho yote yalikuwa kwangu.

Nikasema, "Hayuko."

Yule mtu alinawa mikono akaenda zake. Jibu langu lilifika nyumbani kabla yangu, maana Kitengela ya siku hizo ilikuwa bado ndogo. Nilimkuta mama ameketi kando ya kitanda, kikombe kimejaa mkononi. Aliniuliza kama ni kweli nimesema vile. Badala ya kuona haya, nilivuta kiti nikamfundisha kama kidato cha nne: hii ni sehemu ya kuona, hii ya kukumbuka, hii ya kujijua, na hii yake ilipondwa. Kaka alilala hatua mbili kutoka kwangu nikimtumia kama picha ya ubaoni. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Na hizi habari namwambianga," akauliza, "zinaenda wapi?"

"Haziendi popote, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba.

Aliniamini. Watu hudhani mama aliacha salamu kwa hasira, lakini mimi namjua mama yangu. Aliniamini kwa sababu nilikuwa mtoto wake aliyesoma, na kwa sababu alikuwa amechoka mpaka mifupani. Kesho yake alimpa uji bila neno. Uji ulitoka pembeni mwa mdomo. Alipangusa, akajaribu tena, ukatoka. Koko angemkemea, lakini koko hakuwepo. Alikuwa amefuatana na wanawe kupeleka ng'ombe waliobaki upande wa Namanga kutafuta nyasi.

Wiki mbili zilipita hivyo. Kaka alikonda hadi mashavu yakaingia. Nilileta tabibu wa zahanati, akasema apelekwe hospitali awekewe mpira wa kulishia. Tukapanga Jumatatu. Haikuwezekana mapema, nilisema mimi, kwa sababu Jumamosi nilikuwa nimealikwa mjini Kajiado, kwenye mdahalo katika ukumbi wa kanisa: je, binadamu ni nyama tu? Mabango yalikuwa yameshabandikwa.

Alhamisi mchana mama alikwenda kisimani kupanga foleni ya maji. Nilibaki na kaka. Nilichukua uji nikampa kijiko, ukatoka. Cha pili, ukatoka. Kisha nikaangalia mlangoni kama mwizi, nikainama, nikamsalimia kwa lugha ya nyumbani. Nikangoja. Sikujua niseme habari gani, kwa hiyo nikamwambia zilizokuwepo: kwamba mvua haijaonekana, kwamba ndama wa koko amekufa njiani, kwamba Jumamosi nina mdahalo na nimeazima koti. Nikampa kijiko.

Akameza.

Nikampa kingine, akameza. Kikombe kilifika nusu. Wala sikufurahi. Niliogopa. Nikajiambia jaribio moja si ushahidi, ndivyo ninavyowafundisha kidato cha pili, lazima jaribio lirudiwe. Ni kweli lazima lirudiwe. Sikulirudia. Nilimwaga uji uliobaki, nikaosha kikombe, na mama aliporudi na mtungi na kuuliza kama amekula, nilisema hapana.

Kajiado nilishinda. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mchungaji aliyepinga alipaza sauti akatoa ushuhuda badala ya hoja, vijana wa shule wakanipigia makofi, akina mama wawili wakatoka nje wakilia. Mzee mmoja aliniuliza mwishoni, kwa upole, kama nimewahi kumwuguza mtu. Nilimjibu kwamba swali hilo ni la hisia. Watu walicheka, naye akaketi. Nilirudi nyumbani na koti la watu nikiwa nimejaa kama kibuyu.

Jumatatu asubuhi, gari la kumpeleka hospitali likiwa mlangoni, tulimkuta amekwisha kukata roho. Tulimzika Ukambani. Kwenye mazishi mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu, na mara hiyo sikuwa na la kubisha. Bucha sikurudi tena. Walidhani ni majonzi.

Jambo hili sikumwambia mtu. Nilioa, nikahamishiwa shule nyingine, Kitengela ikamea maghorofa ya kupangisha mpaka zizi la yule mzee wa ng'ombe wanne likawa kituo cha mafuta. Nasoma bado ubishi wa wale wakubwa, maana haujaisha. Wengine wameingia, vitabu vimeandikwa, na watu bado wanaandika barua magazetini kwa hasira ileile. Nakasirika nikisoma. Nataka kumwuliza kila mmoja wao nani anamlisha nani nyumbani kwake.

Mwaka wa elfu mbili na nane mama alianza kuugua moyo. Nilikuwa nikimtembelea kila Jumapili. Siku moja tulikuwa tumeketi nje, chai mkononi, yeye akitazama wajukuu wakicheza.

"Wewe ndio ulisoma," akaniambia. "Niambie ukweli na usinionee huruma. Ndugu yako alikuwa ndani?"

Miaka minane nilikuwa nimeliogopa swali hilo. Nikisema ndiyo, namwambia kwamba alimlisha mwanawe kwa wiki mbili kimya, na mwanawe akijua. Nikisema hapana, namwambia kwamba miaka miwili alisalimia ukuta. Na mimi peke yangu ndiye niliyemwona akimeza.

"Hakuwa ndani, mwaitu," nikasema. "Hakukuwa na mtu."

Alishusha pumzi, mabega yakalegea. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Asante, mwanangu," akasema. "Nilikuwa naogopa kwamba alikuwa ananingojea nimsalimie."

Nikamwambia anywe chai kabla haijapoa.