Siku App Iliponiletea Kamati ya Harusi

Hapa Tabata kuna watu mpaka leo wakiniona napita wananiita "marehemu", na siwezi kununa, kwa sababu ni kweli nilifika msibani kwangu mwenyewe, nikavuta kiti, nikauliza aliyefariki ni nani. Nikikumbuka masikio yanapata moto. Lakini ngoja niwasimulie vizuri, maana nyie mnaonicheka mmesikia nusu tu.

Mie niko chuo, mwaka wa pili, nimepanga chumba kwa Mama Shukuru. Chuo kilikuwa kinatafuta app ya kuwasaidia wanafunzi wenye msongo wa mawazo, kikaomba wachache tujitolee kujaribu kadhaa kabla haijachaguliwa moja, na mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wangu. Wenzangu wakaniona nina moyo kweli. Kumbe wapi! Muhula mzima nilikuwa silali, asubuhi nakaa kitandani naangalia ukuta, vipindi siingii, na mama akipiga kutoka Mbeya nasema "mie mzima, masomo yanaenda". Nikaona nikizijaribu kwa jina la kazi, labda mojawapo itaniokoa bila mtu kujua.

Nilikuwa najaribu na Zahra, rafiki yangu, ambaye baba yake ana duka la vitambaa na yeye mwenyewe anakagua kila kitu kama yuko dukani (hii inakula bando, hii Kiswahili chake kibovu, hii inataka kujua siri za ukoo mzima, tupa). Moja ilikuwa inaniambia vuta pumzi, nikavuta weee mpaka kizunguzungu. Nyingine nikiiandikia kwamba silali, inajibu "Pole" na picha ya ua.

Jumamosi moja mchana nikafika kwenye ya mwisho, yenye kitufe cha msaada: ukikibonyeza inakuandikia ujumbe na ramani ya ulipo, halafu inakupeleka WhatsApp uchague wa kumtumia. Nikasema nitume kwenye grupu letu la wajaribuji, Zahra aone. Lilikuwa juu kabisa. Sasa, binti wa mama yangu mdogo alikuwa anaolewa, na nyie mnayajua magrupu ya kamati za harusi, kutwa wanabishana rangi ya vitambaa vya meza. Kidole kinashuka, kule mtu akaandika "napendekeza dhahabu", grupu la harusi likaruka juu, nikaligusa, nikatuma. Sikuangalia hata! Nikachomeka simu kwenye chaji, nikafunga mlango, nikaenda kununua chapati, na muuzaji wetu alivyo mtu wa stori, nikaganda hapo mpaka jua likapungua makali.

Ujumbe wenyewe ulisema: "Mimi Upendo siko sawa. Naomba mtu aje."

Narudi, nakuta geti wazi, magari, pikipiki, bajaji, kina mama wamejifunga kanga, Mama Shukuru analia, na vijana wa jirani wanapanga viti vya plastiki (mtaani kwetu watu wakijaa uani kwa mtu hakuna anayeuliza mara mbili, viti vinatoka tu). Wengi sikuwajua, maana kamati ile nilikuwa naijulia kwenye simu. Nikasema hapa pana msiba. Nikachukua kanga kwenye kamba, nikajitanda, chapati nikazificha ndani yake, nikakaa karibu na mzee mmoja aliyeshika kichwa.

"Shikamoo baba. Poleni sana. Nani amefariki?"

"Marahaba. Hatujajua kama amefariki, mwanangu. Ni binti mmoja mwanafunzi. Mlango umefungwa, simu inaita humo ndani, hapokei. Vijana wamefuata nyundo."

"Jamani, masikini! Anaitwa nani?"

"Upendo."

Nyie! Nilisimama chapati zikamwagika. Kule kwenye mlango wangu nikamwona mama mdogo anagonga kwa viganja vyote viwili, "Upendo mwanangu, fungua," sauti imekauka.

"Mama mdogo," nikasema, "niko huku."

Aligeuka, akaja, akanizaba kofi la bega, halafu akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi ya kuvuta. Yule mzee (kumbe ni baba mkubwa wa bwana harusi!) akaokota chapati yangu, akasema marehemu amerudi na chakula. Uani kote kicheko. Nikaeleza kwamba ni majaribio tu ya chuo, natamani ardhi ipasuke inimeze. Wapo waliosonya, na haki yao. Lakini kwa kuwa viti vilishapangwa na kamati imetimia, wakafanya kikao hapohapo, Mama Shukuru akachemsha chai, na dhahabu ikapita.

Mama mdogo yeye hakukaa kikaoni. Alinifuata chumbani, akafunga mlango, akatazama madaftari yenye vumbi. Ndipo nikaona kwamba amekuja kutoka Kawe na nywele zimesukwa upande mmoja.

"Haya," akasema. "Ulikuwa unajaribu, au ulikuwa unasema?"

Nilifungua mdomo nijibu najaribu. Nikalia. Hakuniambia nivute pumzi. Alikaa kitandani, akasema, "Sema taratibu, leo sina pa kwenda."

Jumatatu alinisindikiza kwa mshauri wa wanafunzi pale chuoni, na wiki iliyofuata akanisindikiza tena. Sasa nalala, si kila siku, lakini nalala. Na kwenye app tulizojaribu, mie na Zahra tulipendekeza ile ambayo ukiita, anapokea mtu, na kabla haijatuma inakuuliza jina la unayemtumia (sharti hilo ni langu, walicheka sana). Mwenyewe nimekoma: sibonyezi kitu kabla ya kusoma jina.

Ila ule ujumbe sijaufuta. Siku nikiamka vibaya naufungua, nasoma majibu yaliyo chini yake, na nawashukuru watu wale upya, kila mmoja. Mama mdogo: "Natoka sasa hivi." Mwingine: "Niko Buguruni, nakuja." Na yule mzee: "Huyu Upendo ni nani? Haya, nakuja."