Kondo, Mvuta Pazia

Jirani yangu Kondo wa Temeke alivuta pazia la jumba la maigizo la Wazungu miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyewahi kulisikia likipanda. Alivua viatu, akapaka mafuta ya nazi makapi ya kupitishia kamba, akaviringisha vipande vya kanga kuukuu za mkewe pale kamba ilipogusa mbao. Siku hizi mtu hawezi hata kusogeza kiti bila mtaa mzima kujua, na tunaambiwa tumeendelea.

Mwaka 1954 maendeleo yalimfikia Kondo. Ililetwa mashine ya umeme ya kuinua pazia. Alasiri ya majaribio ikanguruma kama lori linalopanda mlima, hata bibi wa Kizungu aliyekuwa akiigiza maiti akafumbua macho. Fundi wa Kizungu akasema ni kawaida. Naam, ni kawaida, kama maiti amefia gereji.

Kesho yake mgeni mkubwa kutoka Uingereza alikuwa anakuja kuitazama mashine hiyo. Karani wa jumba, Apolinari, akamvuta Kondo pembeni.

"Mzee Kondo, tuokoe. Fundi atabonyeza kitufe, lakini umeme tumekata. Wewe vuta kamba zako kule nyuma."

"Kumbe mashine ni mie! Mtanipaka na grisi?"

"Usinichekeshe, mzee wangu. Kibarua changu kinaota nyasi."

Kondo angeweza kuvuta ovyo, wakaumbuka wote. Lakini watu wa zamani walikuwa na ugonjwa wao: kuharibu kazi hawakuweza. Pazia likapanda kimya. Mgeni akasema mashine tulivu namna ile hajaiona hata London.

Jumatatu mwenyekiti wa jumba, aliyeambiwa kwamba fundi ameirekebisha, akamwachisha Kondo kazi. Mashine tulivu hivyo, mvuta kamba wa nini? Apolinari ndiye aliyemsomea barua.

"Si umwambie ukweli?" Kondo aliuliza.

Apolinari akamwonyesha pa kutia dole gumba.

Jumamosi mashine ikanguruma mbele ya watu mia mbili. Apolinari akaja mbio Chang'ombe, kwenye kiwanda cha mbao alikokuwa Kondo akisukuma magogo.

"Shikamoo, mzee. Wanakutaka urudi."

"Marahaba. Mwambie mwenyekiti siku ile nani alivuta, nami narudi leo hii."

"Hilo siwezi, mzee. Nina watoto."

"Basi wasalimie."

Karani akarudi peke yake. Wazungu wakaajiri bendi ya watu sita, ipige kwa nguvu kila pazia linapopanda.