Kiazi Ndani ya Kiondo cha Cucu

Tangu tumzike cucu, nyanya yangu, nikimenya viazi nacheka halafu naona aibu.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa Biolojia alisema seli ya kansa ina protini kwenye ngozi yake, na wataalamu wanatafuta dawa ya kuitambua kwa protini hizo. Jioni, nyumbani mtaani Landless, nikachomeka njiti za kiberiti kwenye kiazi kiazi kikiwa seli na njiti protini, nikamwelezea cucu, aliyekuwa na kansa ya titi.

“Kwani dawa imepatikana, Shiru?”

Alivyofurahi, nikashindwa kukataa. “Ndiyo, cucu.”

Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. “Mjukuu wangu amepata dawa! Simama, Shiru!”

Makofi. Nesi mmoja akaniuliza, “Iko wapi?”

Cucu akafungua kiondo, akatoa kiazi changu, amekifunga kwa leso safi. Alipokifungua, kilikuwa kimeanza kuota.